Dakika za Namba 17: siku yangu moja na timu ya magongo, Kakamega

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla maji ya chai hayajachemka nimeshafungua daftari. Nafundisha Jiografia katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji wa Kakamega, na kila muhula wa kwanza nainoa timu yetu ya magongo ya wasichana, maana huo ndio muhula wa mchezo huu mashuleni. Leo jioni tuna mechi ya kirafiki na majirani. Ninachopanga ni dakika za Namba 17.

Huyu ni mshambuliaji mgeni, yuko kidato cha pili. Ametoka kwenye kandanda, ana mbio, na akipata mpira ndani ya D, ile nusu duara mbele ya lango, hasiti. Ila mpira ukipotea humfuata beki kwa nyuma na kulipiga gongo lake. Hiyo ni kadi ya kijani: dakika 2 nje, na sisi tunabaki 10.

Kuanzia ofisi ya walimu hadi jikoni naulizwa atacheza dakika ngapi. Mimi najiuliza ni dakika zipi, akiwa na nani karibu, dhidi ya beki yupi. Dakika 10 kando ya mwenzake anayemsemesha zitamjenga kuliko 40 za kukimbizana peke yake.

Saa moja na nusu

Mamake ananipigia akiwa njiani kwenda sokoni Khayega.

“Mwalimu, habari ya asubuhi? Msichana anasema atakalia benchi tena. Amekosa nini?”

“Hajakosa kitu, Mama. Kwetu benchi si adhabu.”

Namweleza kwamba magongo si kama kandanda. Mchezaji anatoka, anapumzika, anarudi, mara nyingi tutakavyo, na saa ya mchezo haisimami. “Ataingia, Mama, na ataingia tena.” Anashukuru, lakini sauti yake bado ina wasiwasi. Namwelewa. Mzazi aliyenunua gongo kwa pesa ya mboga ana haki ya kuuliza.

Saa nne na nusu

Mapumziko. Nazungumza na Namba 9, nahodha wetu wa kidato cha nne. Mgeni akisifiwa kila kona, mkongwe huanza kuhesabu siku zake, na kimya cha kocha huzidisha hofu hiyo. Kwa hiyo namwambia waziwazi: nafasi yako ipo, na mgeni ataingia ukiwa uwanjani, asiingie badala yako.

“Kochi, nikimpa pasi anapoteza.”

“Unampa akiwa amesimama. Mpe mbele yake, aikimbilie.”

Anatikisa kichwa polepole, kisha anauliza atamwita kwa ishara gani. Hapo najua tumeelewana.

Saa saba mchana

Githeri mkononi, napanga zamu. Wazo hili nimelipata kwenye magongo ya barafu. Kule vipindi ni 3 vya dakika 20, na mshambuliaji hukaa barafuni chini ya dakika moja kabla hajabadilishwa, kisha anarudi. Kocha mwenye mgeni humwingiza mara nyingi mchezo unapoanzia karibu na lango la wapinzani, ili akosee mbali na kipa wake. Katika NHL, ligi kuu ya magongo ya barafu ya Amerika Kaskazini, timu ya nyumbani ndiyo inayobadilisha wachezaji mwisho mchezo unaposimama, hivyo kocha anaweza kumwepusha kijana na mabeki wakali. Sisi tuna nyasi zenye vichuguu, robo 4 za dakika 15, na wachezaji 11. Zamu zetu ni ndefu zaidi, lakini busara ile inatufaa kabisa.

Saa kumi jioni

Mvua imetunyeshea kidogo, mpira ni mzito. Robo ya kwanza Namba 17 ameketi kando yangu akiwa na kazi: amtazame beki wao wa kushoto. Gongo lina upande mmoja tu wa kuchezea, ule bapa, kwa hiyo beki akipitwa upande wa mkono wake wa kushoto hulazimika kuligeuza. “Huyu akigeuza anachelewa,” ananiambia bila kuulizwa. Nafurahi kama amefunga.

Robo ya pili anaingia. Dakika chache baadaye nataka kumtoa, pumzi zimekata, lakini refa anawapa wapinzani kona ya adhabu, pigo linaloanzia mstari wa goli baada ya walinzi kukosea ndani ya D. Hapo haturuhusiwi kubadilisha hadi kona iishe. Wetu 5, kipa akiwemo, wanabaki golini, na waliosalia wote wanakwenda nyuma ya mstari wa kati. Namwona anahema, mikono magotini. Kipa anaokoa, Namba 9 anaunasa mpira na kuutanguliza mbele, na msichana anaondoka! Anampita yule beki kushoto kwake, mpira unamgonga beki mguuni ndani ya D, nasi tunapata kona yetu. Tunafunga. Namtoa mara tu bao linapoingia. Ananuna kidogo, namwambia miguu ikichoka hata macho hayaoni vizuri.

Kilichonigusa zaidi kilitokea robo ya tatu, na watazamaji hawakukishangilia. Alipoteza mpira, akamkimbilia beki, akainua gongo, halafu akalishusha chini na kuziba njia ya pasi. Beki akapiga nje. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

Robo ya mwisho tunaongoza 2–1 na wanafunzi wanapaza sauti aingizwe. Simwingizi. Kulinda bao moja ni kazi ya kukaba kwa mpangilio, ambayo bado anajifunza, na nilimwambia hivyo kabla ya mechi. Anakaa, anawapigia wenzake kelele za kuwatia moyo hadi filimbi.

Saa mbili usiku

Naandika. Mamake ametuma ujumbe: “Amefika, amekula, anasema kipa wenu ni hodari.” Namjibu kwamba binti yake naye ni hodari, na namweleza kile kitendo cha robo ya tatu, maana najua msichana mwenyewe hatakitaja.

Mechi ijayo ataanza robo ya pili tangu dakika ya kwanza, upande wa kulia, Namba 9 akiwa katikati. Akirudia kukaba vile, nitamwacha amalizie robo ya nne tukiwa nyuma au sare. Kona za adhabu bado. Kwanza ajifunze kuusimamisha mpira kwenye nyasi hizi, na kesho tunaanza mapema kabla wenzake hawajafika.