Bizari ya kuunguza

Jamani mbuzi wa bizari wa Kijamaika si mchezo. Jana nimeshinda jikoni kwa jirani yangu hapa Brixton, London, mama mtu mzima kutoka Clarendon kule Jamaika, na tangu jana kuna kitu nakiwaza nikaona bora nikiandike.

Kwetu bizari huingia kitunguu kikishalainika, wengine wanasubiri nyanya ziive kwanza. Yeye hapana. Mafuta yakishachemka anamwaga bizari kavu kwenye sufuria peke yake, anakoroga haraka haraka mpaka ile rangi ya manjano inaanza kugeuka kahawia na moshi unakukaba koo, hapo ndo anatupia nyama, chwaaa! Wanasema wanaiunguza. Ukichelewa kidogo inakuwa nyeusi inakuwa chungu, unamwaga unaanza upya. Nyama yenyewe imelala usiku kucha na bizari nyingine, thaimu, vitunguu majani, kitunguu saumu na pimento, zile punje za mti wa kwao zinazonukia kama karafuu na mdalasini kwa pamoja. Imekatwa na mifupa yake, asikwambie mtu habari za steki. Pilipili inaingia nzima, ni zile zinazofanana na pilipili mbuzi zetu, na ole wako uipasue.

Sasa tunasubiri iive (na mbuzi mzee haharakishwi) ndo nikamuuliza bizari ilifikaje huko kwao. Akanijibu kwa mkato tu, "Wahindi, mwanangu, baada ya utumwa." Na ni kweli. Utumwa ulifutwa kisheria 1834, watu wakaachiwa kabisa 1838, wenye mashamba ya miwa wakaanza kulia hawana vibarua wa bei rahisi. Wakaletwa Wahindi kwa mkataba, Guyana mwaka huohuo 1838, Jamaika na Trinidad Mei 1845. Jamaika peke yake walifika kama 36,000 mpaka biashara ile iliposimamishwa 1917. Mimi hapo nikakumbuka reli yetu ya Mombasa, maana nako kuanzia 1896 waliletwa Wahindi hivyohivyo, mkataba mkononi, jua la utosi.

Kinachonishangaza ni kwamba Jamaika leo Wahindi ni wachache sana ila mbuzi wa bizari ni wa kila mtu. Harusi bila mbuzi watu watakusema mwaka mzima. Msiba ukifika usiku wa tisa tangu mtu afariki, mbuzi anachinjwa, kichwa na miguu na utumbo vinapikwa supu pamoja na ndizi mbichi, wanaume wanaigombania eti inaleta nguvu (hii hata kwetu tunadanganyana). Nilimuuliza mama kama anaona ni chakula cha Kihindi akaniangalia kama nimemtukana.

Nadhani ni kwa sababu kimepikwa upya kabisa. Thaimu, pimento na ile pilipili huvikuti kwenye mchuzi wa Kihindi, vimetoka kwenye mikono ya wale waliokuwa kisiwani kabla ya meli kufika. Trinidad wao walibaki karibu zaidi na Uhindi, wanakula na chapati, wanatia jira nyingi na majani fulani yenye harufu kali kama ya giligilani, na mimi kusema ukweli chapati naipa ushindi. Wajamaika ni wali wa nazi na maharage, mtamu hauna ubishi, ila mchuzi ule mzito unataka kitu cha kuchovya.

Tulichobishania ni viazi. Mimi naona viazi vinashika mchuzi vizuri, tena wapo Wajamaika kibao wanaweka. Mama hataki hata kusikia, anasema viazi ni vya mtu aliyeishiwa nyama. Wikiendi ijayo zamu yangu kupika, na nimeshanunua kilo mbili za viazi.