Sado ya dagaa kwa ajili ya wifi

Bei ya dagaa pale sokoni Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hufuata mwezi. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka mzigo unapungua na sado inapanda. Kwa hiyo mimi hununua wakati wa giza, na safari hii nimechukua na ya wifi yangu wa Igoma. Ni mjamzito, na kliniki wamemwambia damu yake ni tisa.

Tisa ni ndogo. Mjamzito anatakiwa asishuke chini ya gramu 11 za hemoglobini kwa desilita ya damu. Kinachopungua mara nyingi ni madini chuma, ambayo mwili unayatumia kutengeneza hemoglobini ya kusafirisha oksijeni. Mwanamume anahitaji kama miligramu 8 kwa siku, mjamzito 27. Kaka yangu anakula chungu hichohicho na yuko fiti.

Kwenye mkoba wake nilikuta udongo, vile vipande vinavyouzwa sokoni. "Wifi, unanipoza kichefuchefu," akaniambia. Simlaumu, hamu hiyo huwapata wengi wenye upungufu wa damu. Lakini udongo unaweza kunasa madini chuma ya chakula humohumo tumboni yasiingie mwilini, na unaweza kuja na mayai ya minyoo.

Tukaingia jikoni. Dagaa nawachambua kwenye ungo, natoa kokoto, kisha nawaosha kwa maji ya moto, narudia mpaka mchanga usisikike chini ya sufuria. Wifi alitaka kukata vichwa kwa sababu ni vichungu mdomoni. Nikamzuia. Sato ukimla, miiba unaitupa na kalsiamu yake inakwenda nayo. Dagaa unamtafuna mzima, mifupa, kichwa na tumbo, ndiyo maana anakupa kalsiamu, fosforasi, chuma na zinki kwa mpigo. Tukawapika na nsansa, yale majani ya mboga yaliyokaushwa, na karanga za kutwanga. Chuma cha majani ni kigumu kufyonzwa, lakini samaki akiwemo kinafyonzwa vizuri zaidi, na ndimu ukikamulia mezani ndiyo kabisa. Chai ya rangi isubiri saa nzima baada ya ugali, maana inazuia chuma.

Kitu kimoja ziwa letu, Victoria, halitupi cha kutosha: madini joto. Samaki wa maji baridi wanayo kidogo kuliko wa baharini, na mtoto aliye tumboni anayahitaji kwa ajili ya ubongo. Hapo ni chumvi ya pakiti iliyoongezwa madini joto, ikae kwenye chombo chenye mfuniko, itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Na vidonge vya kuongeza damu asiviache, kwa tisa hiyo dagaa peke yao hawatoshi. Analalamika vinamfunga choo. Nimemwambia anywe maji mengi, ale mapapai, na akiona choo cheusi asishtuke, ni chuma ambacho mwili haukukichukua. Ikizidi, awaambie manesi.