Tanga–Nairobi: kilomita 480 angani, siku nzima safarini

Vikokotoo vya umbali mtandaoni vitakwambia Tanga hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, mwendo wa kama saa moja hewani. Umbali ni sahihi. Ila uwanja wa Tanga hutumiwa na ndege ndogo za ndani, kwa hiyo mstari huo ulionyooka hauna tiketi ya kukata.

Muda wa ndege kubwa ukokotoe mwenyewe: gawa umbali kwa kilomita 800 kwa saa, kisha ongeza dakika 30 za kupaa, kushuka na kutembea uwanjani. Dar–Nairobi ni kilomita 665, yaani dakika 50 na 30: saa moja na dakika 20. Kwa Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, weka 300 badala ya 800.

Ukipitia Dar unaanza kwa kuipa Nairobi kisogo: kilomita 200 kwenda kusini, ndipo upande tena kaskazini. Na muda haupotei hewani, unapotelea uwanjani. Ndege ndogo hutua Terminal 1, za nje huondokea Terminal 3, na baina yake utahitaji gari. Acha nafasi ya angalau saa nne kati ya ndege hizo mbili. Tiketi zikiwa mbili tofauti na ya kwanza ikacheleweshwa na mvua za masika, ya pili haikungoji na nauli imekwenda. Halafu mzigo: kilo 23 zinazokubaliwa kwenye ndege kubwa zitakataliwa kwenye Caravan, ambako kawaida ni kilo 15, tena begi laini.

Basi la Dar silipendekezi kabisa kwa safari hii. Kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, unashushwa Mbezi, na foleni ya kufika uwanjani bado inakusubiri.

Njia ya maana kwa mtu wa Tanga ni kuvuka mpaka Horohoro kwa gari na kupandia ndege Mombasa. Kutoka mjini hadi mpakani ni kama kilomita 65, na ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika kwenye kituo cha pamoja. Beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Toka Lunga Lunga, upande wa Kenya, zimebaki kama kilomita 105 hadi Mombasa. Basi litakufikisha Likoni, kwenye kivuko, na uwanja wa ndege wa Moi uko bara, ng'ambo ya pili ya kisiwa cha Mombasa. Mwenye gari la kukodi apite Dongo Kundu, aepuke kivuko. Mombasa–Nairobi ni kilomita 420, saa moja angani. Anayebana matumizi apande treni ya SGR pale Miritini: safari ya saa tano hadi sita.

Kenya na sisi saa zetu ni zilezile, lakini tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Toa sita: 13:00 ni saa saba mchana. Inayoponza wengi ni 00:40 ya tarehe 15. Hapo hutoi, unaongeza sita: ni saa sita na dakika 40, usiku wa kuamkia tarehe 15, hivyo uwanjani unatakiwa tarehe 14 saa tatu na nusu usiku.