Mswaki wa mti: usiuloweke mpaka uishe dawa

Ushauri ulionikera kuliko wote ni ule wa "weka mswaki wako kwenye glasi ya maji usikauke." Nimeujaribu. Kesho yake maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Siku iliyofuata kijiti hakikuwasha tena ulimi. Muda si mrefu nyuzi zililegea, zikashika utelezi na kuanza kunuka. Dawa ilikuwa imeingia kwenye maji, na maji yanamwagwa!

Ukali wa mzizi wa mswaki haukai tayari ndani ya mti. Kiini chake, yaani kemikali inayouzaa, kiko mbali na kimeng'enya chake, protini inayokiamsha. Meno yakiponda nyuzi, viwili hivyo hukutana na kuzaa benzili isothiosayaneti, jamii moja na kile kiwashacho kwenye haradali. Huruka hewani upesi. Kwa hiyo tafuna na usugue papo hapo.

Mimi nanunua mzizi mbichi, unene wa kidole cha mwisho, unaopinda bila kukatika na kuwasha pua ukiunusa palipokatwa. Bei ni ya chapati mbili hivi. Naufunga kwenye nailoni na kuuweka kwenye friji. Ukikauka, nalowesha ncha tu, si kijiti kizima. Namenya gome sentimita moja, na nyuzi za jana nazikata.

Penye kazi hasa ni nyuma ya meno ya mbele na upande wa ndani wa magego, maana nyuzi zimenyooka na kijiti. Natafuna ncha mpaka ilainike kabisa, kisha naikunja kwa kidole ikae kama jembe na mpini wake. Hapo inafika. Nasugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Kukwangua kwa nguvu huku na huku hurudisha fizi nyuma na kuacha shina la jino wazi.

Wanaosema mswaki unatosha peke yake wanawaponza watu. Maabarani, kemikali hii huwaangamiza zaidi bakteria wa ugonjwa wa fizi. Streptococcus mutans, bakteria anayegeuza sukari kuwa asidi, ni mgumu zaidi kwake. Huyo mwondoe kwa kusugua ukoga anamoishi. pH, yaani kipimo cha uasidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi (ikishuka, asidi imezidi), gamba la jino huanza kuyeyuka, na kinacholikaza ni floraidi. Usiku natumia dawa ya meno yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, natema bila kusukutua.

Jino likishatoboka, mafuta ya karafuu yatatuliza maumivu kwa eujenoli yake, lakini tundu halizibi, na mafuta hayo yakiwa makali bila kuchanganywa huunguza fizi. Hapo nenda ukazibwe.