Na Vyombo Vingine Vilikuwako

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nilikusudia kuandika juu ya uvumilivu wiki hii, lakini Jumanne iliyopita ilinipokonya haki ya kuufundisha, nami naona ni heri nieleze yaliyonipata kuliko kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Asubuhi ile nilitoka Kimara wingu likiwa zito upande wa Pugu. Mkazi wa Dar es Salaam aliyeona masika kadhaa anajua maana yake, kwamba mvua ikishika huko vilimani, Mto Msimbazi huishusha hadi bonde la Jangwani, hata kama Kariakoo halijadondoka tone. Kutwa nzima nilikuwa dukani nikipokea mabati, na hesabu ya daftari langu ikakataa kukubaliana na ankara, nikahesabu upya mara tatu huku radi ikipiga na umeme ukikatika. Tulipofunga saa kumi na moja tukaambiwa kwamba Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yamesimamishwa. Nilizunguka kwa Salender na Mwenge, kipande kwa daladala na kipande kwa miguu, viatu mkononi, nikafika nyumbani saa nne na nusu usiku.

Mlangoni nilikuta kandambili nisizozifahamu. Sebuleni alikuwapo mama mmoja jirani yetu wa kule bondeni pamoja na watoto wake watatu, wamejifunika vitenge vya mke wangu, kwa sababu mfereji ulikuwa umefurika na maji yamewaingilia hadi kimo cha kitanda. Sufuria ya wali ilikuwa tupu. Basi mimi, mzee wa kanisa, niliyesimama Jumapili na kuwaombea wote walio katika taabu, nilimwita mke wangu jikoni nikamuuliza, kwa sauti niliyojua fika kwamba inasikika sebuleni, kama amesahau kuwa nyumba hii ina mwenyewe na kwamba mwenyewe huyo ameloa tangu jioni. Hakubishana nami. Alisema tu, "Baba Neema, na wao wamenyeshewa," kisha akainjika chai.

Usingizi haukunijia. Nilifungua Marko sura ya 4, mahali ninapokimbilia siku zote tufani inapovuma, na nilikuwa nikitafuta maneno ya kunituliza mimi. Habari yenyewe tunaijua tangu shule ya Jumapili: Bwana amelala katika shetri, yaani nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto wa kulalia, wanafunzi wanamlilia, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Mara ngapi tumeihubiri hivyo, na kila msikilizaji akajiona kuwa ndiye aliye chomboni na Yesu! Lakini usiku ule jicho langu lilikwama katika mstari wa 36, ambao ninakiri kwamba sijapata kuuhubiri hata mara moja: "Na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye."

Kumbe hawakuwa peke yao. Ziwa la Galilaya limezungukwa na milima, nao upepo unaoteremka kutoka huko hauchagui mashua ya kuipiga. Mawimbi yaliyomwogopesha Petro yaliwapiga na wale wengine, ambao Marko hakutuandikia majina yao wala kilio chao. Tena wao hawakuwa na Yesu wa kumwamsha ndani ya mashua yao. Hata hivyo, alipoiambia bahari, "Nyamaza, utulie," ikawa shwari kuu, na shwari ya bahari haiwezi kuwa ya chombo kimoja. Watu wale walipata kutulia kwa sababu ya sala ambayo hawakuiomba wao, na sidhani kama walijua usiku ule nani aliyeomba.

Ndugu zangu, hapa naomba mnivumilie, maana nitasema kwa ukali kidogo, nami nikiwa wa kwanza kupigwa. Tangu mvua hizi zianze nimesikia shuhuda nyingi za kushukuru kwamba maji hayakufika kwetu, na shukrani ni njema, lakini zipo shuhuda zinazokaribia sana kusema, "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Nimesikia pia tukisema kwamba watu wa bondeni ni wakaidi, kwamba tangu mafuriko ya Desemba 2011, familia zilipohamishiwa Mabwepande, kila mtu alijua hatari ya mabonde yale. Huenda ni kweli. Lakini Bwana wetu alisema kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, na hakutupa sisi tulio mlimani kazi ya kupanga ni nani aliyestahili kuloa. Mama yule aliye sebuleni kwangu hukaa pale kwa sababu kodi ya pale ndiyo anayoiweza kwa biashara yake ya vitumbua, nami nimekula vitumbua hivyo miaka minne bila kumuuliza anaishi wapi. Miaka minne, wapendwa, na kila Alhamisi tunaimba katika jumuiya kwamba sisi ni mwili mmoja!

Alfajiri nilimwomba mke wangu msamaha, kisha nikaenda sebuleni kumwomba msamaha na mama yule, na hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, kwa kuwa watoto walikuwa macho wakinitazama. Alinijibu kwa upole kwamba hakusikia kitu. Alikuwa amesikia.

Bado wako nasi, na mfereji haujapungua. Alhamisi jumuiya itakutana hapa kwangu kama ilivyopangwa, ila tutakaa barazani, maana sebuleni kuna magodoro. Daftari za watoto zote zimelowa. Mwenye sare ya mtoto wa darasa la tatu, wa kike, anijulishe kabla ya Jumatatu.