Betri mpya, taa zilezile hafifu

Kwa mwezi mzima niliamini kwamba trela letu lina ugonjwa wa betri. Dalili zote zilielekea huko. Tukiwa tumechomeka plagi kwenye umeme wa kambi, hakuna tatizo: taa zinawaka, pampu ya maji inanguruma, feni inazunguka. Tukichomoa na kutegemea betri, taa zinafifia na pampu inalia kama ng'ombe mgonjwa. Mke wangu alikuwa na namna yake ya kulieleza jambo hili: ndani ya trela hili, anayenawa mikono huwanyima wenzake mwanga.

Kwa asiyelijua trela la kulala, lina umeme wa aina mbili chini ya paa moja. Kuna umeme mkubwa, wa volti 120 au 230 kulingana na nchi, unaoingia kwa waya mnene kutoka nje na kulisha soketi za ukutani na kiyoyozi. Na kuna umeme mdogo wa volti 12, unaotoka kwenye betri iliyokaa mbele, pale trela linapofungwa kwenye gari, ambao ndio unaoendesha taa, pampu na feni ya hita. Kati yake ipo konveta, kisanduku kinachougeuza umeme mkubwa kuwa mdogo na papo hapo kuichaji betri. Ule mkubwa mimi siugusi. Unaua, na una mafundi wake. Huu mdogo ndio niliojipa madaraka nao.

Asubuhi moja nilipima betri ikasoma volti 11.8. Betri ya asidi iliyojaa, ikishapumzika, husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Kwa 11.8 hapo hakuna kitu. Nikasema kesi imekwisha, nikanunua mpya.

Wakati wa kuifunga nikafanya kosa ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nimezoea magari, na kwenye gari waya mweusi ni hasi. Sasa kwenye trela nyingi zilizotengenezwa Marekani, letu likiwemo, waya mweusi wa volti 12 ndio chanya, na mweupe ndio hasi. Nikaufunga mweusi kwenye hasi bila hata kufikiri. Cheche kubwa, kisha giza. Niliposhtuka na kuzigeuza nyaya zikae sawa, giza likabaki palepale. Siku mbili nzima nikahangaika na hitilafu niliyoitengeneza kwa mikono yangu, hadi nilipoona kwenye paneli ya fyuzi, pembeni, fyuzi mbili kubwa za ampea 40 zilizokaa peke yake. Kazi yake ni moja tu: mtu akigeuza betri, ziungue zenyewe badala ya konveta. Zote mbili zilikuwa zimeungua. Nikaweka mpya, taa zikarudi.

Tena zikarudi kwa kishindo, maana betri ilikuwa imejaa. Usiku huo nilitembea ndani ya trela kama mwenye nyumba. Kisha mtoto akafungua bomba apige mswaki, taa zikafifia, na pampu ikaanza kilio chake kilekile.

Kesho yake nikatoka na kipimo changu, nikapima kwenye betri: 12.5. Nikaingia ndani, nikapima kwenye paneli ya fyuzi: 12.5. Nikatoka tena, nikarudi tena. Mzee mmoja aliyeegesha trela lake jirani na letu alikuwa akinitazama akiwa kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini tangu asubuhi?"

Nikamweleza kwamba umeme unatoka kwenye betri wote na unafika ndani wote, lakini vifaa havina nguvu.

"Ulipopima, pampu ilikuwa inafanya kazi?"

Nikanyamaza. Pampu ilikuwa imezimwa. Kila kitu kilikuwa kimezimwa, kwa sababu nilitaka kupima kwa utulivu.

Mzee hakunipa somo refu. Alisema bomba lililoziba kwa tope, ukilifunga upande wa mwisho, presha huwa ileile mwanzo na mwisho. Lifungue maji yatembee ndipo utajua limeziba. Kwenye waya ni vivyo hivyo. Kiungo kilichooza kinaweza kupitisha volti zote wakati hakuna kinachozitumia, kwa sababu kipimo chenyewe hakinywi umeme wa kuhesabika. Washa kitu kinachokunywa ampea kadhaa, na kiungo kile kitaanza kula volti.

Basi nikahakikisha kwanza kwamba plagi ya nje bado imechomolewa. Hilo nalo nililielewa siku hiyo: konveta iko karibu kabisa na paneli, kwa hiyo ikiwa inafanya kazi inazilisha taa yenyewe na kuficha ubovu wowote ulioko njiani kuelekea betri. Nikamwambia mtoto afungue bomba aliache wazi. Kwenye betri, 12.5. Kwenye paneli, 9.3.

Volti 3.2 zilikuwa zinapotea njiani, na njia zipo mbili tu: ya kwenda na ya kurudi. Nilichukua waya mrefu wa taa ya zamani, nikaufunga kwenye mguu mmoja wa kipimo ili ufike kutoka mbele ya trela hadi ndani. Mguu mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye chanya ya paneli, pampu ikiendelea kufanya kazi: 0.2. Njia ya kwenda ni nzima. Nikahamia upande wa hasi, hasi ya betri na hasi ya paneli: 3.0. Lazima nikiri nilisoma namba ile mara tatu. Muda wote nilikuwa nikifuatilia waya wa chanya, kwa sababu ndio wenye fyuzi na swichi na mambo mengi. Hasi niliiona kama waya tu uliofungwa kwenye chuma.

Na kwenye chuma ndiko kulikokuwa na maneno. Hasi ya betri inafungwa kwa bolti kwenye chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba trela, na paneli nayo inafungwa kwenye chesi kwa upande wake, kwa hiyo chesi yenyewe ndiyo waya wa kurudi. Nikalala chini ya trela. Kati ya hasi ya betri na pete ya waya wake, sifuri. Kati ya pete ileile na chuma tupu cha chesi nilichokikwaruza kwa bisibisi sentimita chache pembeni: 2.9. Nikaigusa bolti. Ilikuwa ya moto. Pampu inavuta kama ampea 5. Zidisha kwa volti 2.9 upate karibu wati 15 zinazogeuka joto hapo, kwenye kiungo cha ukubwa wa kifungo cha koti.

Kufungua nilianza na hasi ya betri, kama inavyopasa, maana ukianza na chanya kisha spana ikagusa chesi unapata shoti ya kukuunguza mkono. Bolti ilitoka ikiwa imevaa kutu mwili mzima. Chini ya pete kulikuwa na rangi. Aliyelifunga hakukwangua; alitoboa, akakaza bolti juu ya rangi, na kwa miaka yote umeme ulipita kwenye nyuzi za bolti peke yake hadi kutu ilipozifunga. Waya nao ulikuwa umeoza ndani, unga wa kijani hadi chini ya ganda. Nilikata kama sentimita 5 ndipo nikaona shaba yenye wekundu wake. Nikaweka pete mpya, nikakwangua chesi kwa msasa hadi ikang'aa, bolti mpya, washa ya meno, kisha nikapaka grisi juu baada ya kukaza.

Bomba wazi, pampu inafanya kazi, betri 12.5, paneli 12.2.

Ilibaki taa moja ya nyuma iliyokuwa ikipepesa kila tulipopita kwenye barabara mbovu. Ile ilikuwa kazi ya dakika kumi, kiungo cha waya kimelegea nyuma ya taa yenyewe. Sikuhesabu kama tatizo.

Kilichonikaa moyoni ni betri ya zamani. Nilipotulia nikaona kwamba chaji kutoka konveta nayo ilikuwa ikipita kwenye bolti ileile. Konveta ilikuwa ikitoa volti zake 13.6 kwa uaminifu, na betri ikipata matone. Ndiyo maana asubuhi ile ilisoma 11.8: ilikuwa na njaa. Nikaichaji usiku kucha kwa chaja ya pembeni, nikaiacha ipumzike siku nzima, nikaipima. 12.6.

Mke wangu aliuliza sasa tunazo betri mbili za nini. Nikamwambia moja ni ya akiba.