Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya Januari, fildi ya maji Hamburg, Ujerumani

Saa ninazotaja humu ni za kwetu, zile zinazohesabiwa tangu jua kuchomoza, ingawa mwezi huu jua la Hamburg halichomozi mpaka saa mbili na nusu asubuhi.

Kengele inalia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Dar es Salaam wametutangulia kwa saa mbili, kwa hiyo mama ameshafungua genge na ameshanitumia ujumbe wa sauti: "Umeamka mwanangu? Vaa soksi mbili." Nazima hita, nafungua dirisha lote kwa dakika tano na baridi inaingia kama imeitwa. Hili nilifundishwa na dada ninayeishi naye nyumba moja. Ukifunga madirisha wiki nzima, ukuta unaota kuvu, kisha mwenye nyumba anakudai wewe. Nabandika chai ya tangawizi, nafunga mkate na jibini kwenye kopo, navaa soksi mbili.

Saa kumi na mbili na nusu niko kituo cha Altona nasubiri treni ya S3 ya kwenda Harburg. Watu wamejaa behewani na hakuna anayesema neno. Wiki za mwanzo ukimya huu uliniumiza. Nilizoea daladala ambayo ukikaa tu, jirani ameshajua unatoka wapi. Sasa najua kwamba hawa hawajanuna. Wananiachia nafasi yangu kama nami ninavyowaachia yao, na asubuhi nyingine nashukuru.

Treni inavuka mto Elbe mara mbili, mkono wa kaskazini na mkono wa kusini, na kila nikivuka nawaza habari ileile. Mwaka 1892 Altona ninakoishi ulikuwa mji unaojitegemea, chini ya ufalme wa Prussia, na mpaka wake na Hamburg ulipita katikati ya mitaa. Miji yote miwili ilikunywa maji ya Elbe. Altona walichota upande wa chini, mto ukiwa umeshapokea uchafu wa Hamburg, lakini waliyachuja kwenye mchanga. Hamburg waliyasukuma kwenye mabomba bila kuyachuja. Kipindupindu kilipoingia Agosti ya mwaka ule, Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona iliguswa kidogo tu. Kilichowatenganisha ni mchanga.

Sina namna ya kuisoma habari hiyo kama historia ya watu wengine. Agosti 2015, kipindupindu kilipoibuka Kinondoni, Dar es Salaam, nilikuwa darasa la tano, tunakaa Tandale. Mama alichemsha maji ya kunywa, ya kusukutua, hata ya kuoshea nyanya. Baba wa rafiki yangu alipelekwa kambi ya wagonjwa, na hakurudi. Nadhani ndiyo sababu nilichagua uhandisi wa mazingira, ingawa kwenye barua ya maombi niliandika sababu nyingine zilizosikika za kitaalamu zaidi.

Kazini naingia saa moja na nusu kamili. Wajerumani saa hiyo wanaiita *halb acht*, yaani nusu ya kuelekea nane, na wanamaanisha saa saba na nusu kwa hesabu ya Kizungu. Mimi siku ya kwanza nilielewa saa nane na nusu ya hesabu hiyo. Nikafika saa mbili na dakika kumi, nikiamini nimewahi, kumbe nimechelewa dakika arobaini. Hakuna aliyenifokea. Msimamizi wangu alichukua karatasi, akachora saa ya mshale, akanieleza. Mwanafunzi mwenzangu unayejiandaa kuja huku, jifunze hili kabla hujajifunza kuagiza kahawa.

"Moin," nasema mlangoni. Ni salamu ya kaskazini, inatosha asubuhi, mchana na jioni, na jibu lake ni hiyohiyo. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kumwita msimamizi wangu kwa jina lake la kwanza. Ni mama wa makamo, ana nywele nyeupe, kwetu ningempa shikamoo hata kabla sijaona uso wake vizuri. Alinisihi nitumie *du*, yaani "wewe", kama rafiki. Wiki tatu nilizungusha sentensi zangu ili nisilazimike kumwita kwa namna yoyote. Sasa naweza, lakini kichwa bado nakiinamisha kidogo, naye ameniachia hivyo.

Saa mbili na robo kazi yenyewe inaanza. Chupa za majitaka zimetoka kwenye friji la nyuzi nne. Maji hayo yamekusanywa na mashine kidogokidogo kwa saa 24, ili yasimulie siku nzima badala ya dakika moja. Leo tunapima CSB, yaani oksijeni inayohitajika kuuteketeza uchafu kwa njia ya kemikali. Navaa miwani na glavu, maana kichupa kina asidi ya salfuriki na dikromati. Naweka mililita mbili za sampuli, kichupa kinapata moto mkononi, nakigeuza taratibu, kisha vyote vinaingia kwenye kitofali cha joto, nyuzi 148, saa mbili. Uchafu ukiwa mwingi, rangi ya chungwa inaelekea kijani. Kipimo chenyewe tunakisoma kwa fotometa, mashine inayopima rangi kwa mwanga, lakini jicho langu sasa linaanza kukisia.

Wiki ya pili niliharibu seti nzima ya vichupa kumi na viwili. Msimamizi alinielekeza kwa Kijerumani cha haraka, nikaitikia kwa kichwa, "ja, ja," ndiyo, ndiyo. Alikuwa ameniambia niitikise chupa ya sampuli kwa nguvu kabla ya kuchota, kwa sababu uchafu mzito hukaa chini. Mimi nikachota juu, kwenye maji meupe. Majibu yakatoka chini mno, na siku mbili za kazi zikapotea. Nililia chooni. Si kwamba sikujua kutikisa chupa; kwenye fildi ya mabwawa ya majitaka ya Vingunguti nilifanya hivyo kila siku. Niliitikia kwa sababu nimelelewa kwamba mkubwa akisema, unaitikia. Kumuuliza tena ni kama kumwambia hakueleza vizuri. Huku mambo ni kinyume: ukiitikia, umeahidi kwamba umeelewa, na watu wataitegemea ahadi hiyo.

Tangu siku ile nina sentensi moja, *das habe ich nicht verstanden*, hilo sijalielewa. Leo nimeisema mara tatu kabla ya saa sita. Mara ya tatu ilikuwa kwenye kikao, mbele ya watu wanane, na moyo ulinienda mbio. Mhandisi aliyekuwa anazungumza alirudi nyuma akaeleza upya, na kijana mmoja wa Kijerumani akafungua daftari akaandika. Kumbe naye alikuwa hajaelewa.

Saa sita kasoro robo, chakula. "Mahlzeit!" wanasalimiana wote kwenye korido. Leo kuna *Grünkohl*, mboga ya majira ya baridi. Ukiiangalia ni ndugu wa sukuma wiki, isipokuwa wanaipika hadi inakuwa nyeusi, na soseji juu. Mezani wananiomba maneno ya Kiswahili. Nawaambia wanayo tayari: shule ni *Schule* yao, na hela ni *Heller*, sarafu yao enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wakafurahi. Mmoja akauliza, "Tulifika lini huko?"

Nikamweleza. Nikataja vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vijiji na mashamba yaliyochomwa, njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Nikawaambia kwamba jina hilo limetokana na neno maji, kitu kilekile tunachokipima ghorofa ya juu. Nikawaambia pia kwamba Novemba 2023 rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha. Meza ikawa kimya, lakini si ule ukimya wa treni. Msimamizi wangu akasema, "Sikujua. Tuambie zaidi." Nilimheshimu kwa neno hilo kuliko kwa yote aliyonifundisha maabara.

Mchana ulipita kwenye kompyuta, sina la kusimulia. Saa kumi jioni watu wanavaa makoti, "schönen Feierabend," jioni njema baada ya kazi, na kweli kazi imeisha: hakuna atakayekupigia simu usiku. Giza linaingia nikiwa kituoni. Nashuka Hauptbahnhof, kituo kikuu, natembea hadi mtaa wa Steindamm kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, nanunua unga mweupe wa sembe. Chupa tupu za plastiki nazirudisha kwenye mashine ya supamaketi, narudishiwa senti 25 kwa kila moja, zimetosha maziwa.

Saa moja usiku ugali uko mezani na mama yuko kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Sauti yako imekauka."

Namwambia kuhusu kikao, jinsi nilivyosema sijaelewa mbele ya watu wanane. Ananyamaza, kisha anauliza kama walinicheka. Namwambia hapana. "Basi uliza tu," anasema, "na huku ukirudi uendelee kuuliza."

Nafungua bomba nijaze glasi, naye anasikia maji yakichuruzika.

"Hayo umeyachemsha?"

"Hapana mama. Huku yanasafishwa na kupimwa, tunakunywa ya bomba."

"Wewe ndiye unayeyapima?"

"Hapana, mimi napima majitaka. Ya kunywa wanapima wengine."

"Basi chemsha."

Nimebandika sufuria. Tunaongea habari za genge mpaka yanatokota.